Nilimwandikia Mwingine Uvumbuzi wa Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja, ni mama wa watoto watatu, na kazi yangu tangu ujana ni kupiga chapa. Nimewapigia watu barua za kila aina... za kuomba kazi, za kuachishwa kazi, za posa, hata za kuombana msamaha. Hii ni ya kwanza ninayoipiga kwa ajili yangu mwenyewe!

Niiteni Mama Kabula. Kwetu ni Ukerewe, lakini nimeolewa Usukumani na nyumba yetu ipo Kiseke, hapa Mwanza. Mume wangu, Masalu, ni fundi wa kusuka mota. Kwa asiyejua, mota ya umeme ikiungua, nyaya za shaba zilizomo ndani huwa zimekaangika. Fundi anazing'oa zote na kusuka nyingine mpya kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, mpaka mota ifufuke. Kazi hiyo inataka subira, na Masalu anayo. Mimi sina.

Tulikutana kwenye kinu cha kuchambua pamba cha ushirika. Yeye karakana, mimi ofisini. Alikuwa na elimu ya darasa la saba, na Kiingereza chake, kama anavyopenda kujitania mwenyewe, ni maneno mawili tu: on na off. Lakini mota ilikuwa ikimweleza mambo ambayo wenye vyeti hawakuyasikia.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini ambayo kila ukifungua redio ni ubinafsishaji na wawekezaji. Kinu chetu kikafungwa. Masalu alikuwa wa kwanza kupunguzwa kazini, na barua yake ya kupunguzwa niliipiga chapa mimi! Nililia nikiwa naipiga. Yeye aliisoma, akacheka, akasema angalau haina kosa hata moja la herufi.

Aliyekuwa msimamizi wetu wa mitambo, ambaye nitamwita Injinia Gaudensi, alipata kazi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya sangara kule ufukweni, akanichukua niwe mpiga chapa wake. Masalu akafungua kibanda chake kando ya barabara iendayo Buswelu. Kazi hakukosa. Kiwanda cha minofu ni mota tupu... za pampu, za kutengeneza barafu, za vyumba vya baridi. Na umeme wa miaka ile, wenzangu, mnaukumbuka? Unakuja, unakatika, unarudi nusu! Mota kubwa inatumia nyaya tatu za umeme, wanaziita fezi. Fezi moja ikikatika mota haizimi. Inaendelea kuhangaika na mbili zilizobaki mpaka inaungua, na Injinia anaituma kwa Masalu.

Fundi mwingine angemshukuru Mungu mota ziungue kila wiki. Masalu wangu alichukia. Alisema kuisuka mota ileile mara tatu ni sawa na kumtibu mtu malaria kisha kumrudisha akalale bila chandarua.

Miezi kadhaa akawa mtu wa kuongea peke yake. Anakula ugali kwa sato, mkono wa kulia uko kwenye sahani, wa kushoto unachora mezani kwa maji. Siku moja mchana akaniita kibandani nikaone. Akanieleza kwamba vifaa vya kuikinga mota vipo, vinatoka ng'ambo, ila vina udhaifu mmoja. Fezi ikikatika, mota ambayo bado inazunguka huupa ule waya uliokufa umeme wa uongo, na kifaa kinaamini waya bado uko hai. Yeye, wakati wa kusuka, alikuwa ameficha ndani ya mota koili ndogo nyembamba isiyo na kazi nyingine ila kusikiliza. Fezi ikikatika, koili ile inajua papo hapo, inakipa habari kisanduku kilichopo ukutani, nacho kinaizima mota. Umeme ukirudi, kisanduku kinasubiri utulie, ndipo kinaiwasha mota polepole.

Akachomoa fezi moja kwa makusudi. Tak! Mota ikazima. Akairudisha. Kimya kidogo... kisha mota ikaanza kuzunguka taratibu. Masalu akageuka kunitazama, na uso aliokuwa nao sijawahi kuuona tena, hata siku Kabula alipozaliwa!

Kuna jambo moja nataka mlishike. Kila mota aliyoisuka, Masalu alikuwa na desturi ya kukwaruza alama kwa msumari upande wa ndani wa kifuniko. Mistari miwili iliyosimama, na ndoano juu yake. Ni alama ya ng'ombe wa ukoo wao, ambayo babu yake aliwachoma nayo ng'ombe zake kule Bujora ili wakichanganyika na wa watu wajulikane. Mota ikirudi, Masalu anafungua kifuniko, anaiona alama, anasema, huyu ni wa zizini kwangu. Niliizoea alama ile hata nikawa siioni.

Kisanduku cha kwanza kilifungwa kwenye pampu ya kiwanda chetu. Msimu mzima wa mvua pampu ile haikuungua! Ndipo Injinia Gaudensi akaniambia kuna kitu kinaitwa hataza. Ni hati ya serikali inayosema chombo fulani kimebuniwa na mtu fulani, na mwingine haruhusiwi kukitengeneza bila ridhaa yake. Unapeleka maelezo na michoro kwenye ofisi ya Dar es Salaam, na mkaguzi anavichunguza kuona kama kweli ni kitu kipya. Nilikimbia nyumbani kumweleza Masalu. Aliweka koleo mezani. Kisha akauliza swali moja tu, kama kwenye hati hiyo jina la mtu linaandikwa. Nikamwambia ndiyo, linaandikwa juu kabisa.

Alichora michoro yake kwenye karatasi za daftari. Injinia akaichora upya kwa rula na kalamu ya wino mweusi, ikapendeza. Mimi nikaketi mbele ya taipureta na ile fomu ya Kiingereza. Nilipofika penye jina na kazi ya mvumbuzi, Injinia akaniwekea mkono begani.

"Mama Kabula, tusidanganyane. Ofisi ya Dar ikisoma fundi wa kibandani, hiyo karatasi itafungiwa maandazi. Weka jina langu, mimi nina stashahada. Wakishakubali tutabadilisha."

Wasomaji wenzangu, msidhani alinilazimisha. Sikuwa na kisu shingoni! Nilikubali kwa sababu niliamini anasema kweli. Miaka yote ya ofisini nimeona barua za watu wasio na vyeti zinavyozama chini ya rundo, na wakati mwingine mkono uliozizamisha ulikuwa wangu. Nilijiambia namsaidia mume wangu. Nilijiambia kumweleza kutamuumiza bure, kwa kuwa jina litabadilishwa. Herufi moja moja, nikapiga jina la Gaudensi pale mahali pa Masalu... Bahasha ikaondoka.

Ofisi ikajibu kwamba maombi yamepokelewa na yatakaguliwa. Barua ilikuja kwa sanduku la kiwanda, kwa Kiingereza, ikianza na jina la Injinia. Masalu alitaka kuiona. Nikamwambia barua za ofisi hazitoki ofisini, nitamnakilia kwa Kiswahili. Nikainakili kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko wangu mzuri... na mwanzo wake nikaandika "Ndugu Masalu."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa nyuma yangu, na ufunguo niliutupa mwenyewe.

Masalu aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye kopo la bati alilohifadhia vyeti vya ubatizo vya watoto. Jumamosi akanichukua twende Bujora kwa baba yake. Mzee alichinja mbuzi. Akaita majirani, akaniambia niisome kwa sauti. Nilisimama pale uani nikisoma uongo wangu mwenyewe, na watu wanapiga vigelegele! Mzee alipotaka kunishukuru alinishika mikono yote miwili.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "sisi jina letu lilikuwa linajulikana na ng'ombe tu. Leo linajulikana na selikali. Umetuletea balua njema."

Nilimwitikia asante baba. Ningesema nini jingine? 

Miezi ikapita, ikaja barua ya kwanza ya mkaguzi. Alikuwa amepekua uvumbuzi wa nchi nyingine, akakuta kifaa kinachofanana. Akamtaka mvumbuzi aeleze cha kwake kina tofauti gani. Injinia aliisoma mara mbili, akakuna kichwa, akanisukumia. Alisema nikamuulize Masalu nyumbani.

Nikamnakilia Masalu swali kwa Kiswahili. Yeye hata hakufikiri! Aliniambia niwaandikie kwamba kifaa chao kinauchunguza waya kutoka nje, na waya ukiuchunguza kutoka nje unaweza kukudanganya. Chake kimesukwa ndani ya mota, pamoja nayo, na humo hakuna pa kufichia uongo. Kisha akaeleza koili ina mizunguko mingapi, inapita katika mifereji gani, na kwa nini lazima mtu aiweke wakati wa kusuka wala si baadaye. Nilikuwa naandika huku sithubutu kuinua macho. Asubuhi nikaipiga kwa Kiingereza, Injinia akatia saini yake chini.

Jibu lile lilimpendeza mkaguzi. Akaandika kwamba hoja yake ya kwanza ameiondoa. Masalu alicheza! Akanunua shati jeupe, akalitundika ndani ya mfuko wa nailoni, akasema hatalivaa mpaka siku ya kwenda kuichukua hataza. Na kiwandani Injinia naye alikuwa anabadilika. Meneja alimleta mgeni, akamtambulisha Injinia kuwa ndiye mvumbuzi. Injinia hakukanusha. Wiki iliyofuata nikamsikia mwenyewe akisema "kisanduku changu."

Nikamfuata. Nikamwambia muda umefika, tubadilishe jina. Akanitazama kwa huruma, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Akasema tukibadilisha sasa wataona tulidanganya tangu mwanzo. Na aliyepiga chapa ni nani? Aliyekuwa akitafsiri barua na kubadilisha majina ni nani? Mimi! Hakutaja kunifukuza kazi, hakuwa na haja.

Nikawa mtu wa kunaswa pande zote. Ofisini namwogopa Injinia, nyumbani namwogopa mume wangu anavyofurahi. Bora angekuwa mkali! Mtu mkali unaweza kumdanganya huku ukimchukia kidogo. Masalu alikuwa akiniwekea mapande ya samaki yasiyo na miba, eti mwandishi wake asije akasakamwa.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Mkaguzi aliandika kwamba katika mchoro wa pili, kando ya koili ndogo, kuna alama ambayo haikuelezwa popote. Mistari miwili iliyosimama yenye ndoano juu. Ni kifaa gani, na kazi yake ni ipi?

Nikaitambua mara moja! Masalu, kwa mazoea yake, alikuwa ameichora alama ya ng'ombe zao pembeni ya koili yake. Na Injinia Gaudensi, mwenye stashahada, alipoichora upya michoro kwa rula, aliinakili na alama ile akidhani ni sehemu ya mtambo!

Nikamnakilia Masalu swali lile kwa sababu nilitaka kusikia mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mama Kabula, waambie huyo ni ng'ombe! Babu naye kaingia Dar es Salaam."

Asubuhi nikamweleza Injinia. Uso ulimshuka. Alitembea mpaka dirishani, akasimama akiangalia akina mama waliokuwa wakigombea mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu, nje ya uzio. Aliporudi alisema tukikiri kuwa ni alama ya ng'ombe, watauliza ng'ombe wa nani. Akaniambia nipige kwamba ni kidhibiti cha kuutuliza umeme unapopanda ghafla.

Nilijua ni uongo. Nilijua ni alama ya ukoo wa watoto wangu. Mikono yangu ikapiga.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuchezewa. Barua yake ya tatu niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Alisema alama ile haikuungwa na waya wowote, kwa hiyo haiwezi kuwa kidhibiti cha kitu chochote. Alisema majibu ya barua ya kwanza ni ya mtu anayesuka mota kwa mikono yake, na majibu ya barua ya pili si ya mtu huyo. Kama mvumbuzi wa kweli ni mwingine, sheria inaruhusu jina lirekebishwe. Aliambatanisha fomu. Inahitaji saini mbili, ya aliyeomba na ya mvumbuzi, na ifike ofisini ndani ya siku tisini. Zikipita, maombi yatakataliwa.

Nilidhani Injinia ataichana. La! Yule bwana aliogopa. Alitoa kalamu palepale, akatia saini kwenye mstari wa kwanza, akanipa.

"Mpe Masalu asaini," akasema. "Mimi nimetoka. Limebaki lenu."

Mnaona, wasomaji wenzangu? Mlango ulifunguka! Hakukuwa na adui tena. Kilichotakiwa ni mimi kwenda nyumbani, kukaa na mume wangu, kumwambia nilichokifanya, na kumpa kalamu. Jina lake lingeingia. Niliikunja fomu, nikaitia kwenye pochi yangu.

Jumapili ya kwanza, tukitoka misani, nikasema leo. Tukiwa njiani akaanza kunieleza atakavyolipiga pasi lile shati. Nikasema kesho. Siku nyingine niliondoka kazini mapema nikaenda hadi kibandani, pochi nimeibana kwapani. Nikamkuta ana wateja, anawasimulia jinsi ofisi ilivyomuuliza juu ya ng'ombe na watu wanavyocheka. Aliponiona akasema, "Huyu hapa mwandishi wangu, muulizeni!" Nikacheka nao. Nikarudi nyumbani na karatasi yangu.

Halafu akaugua malaria, nikasema apone kwanza. Akapona. Halafu baba yake akaja kukaa nasi wiki mbili. Ningesemaje mbele ya mzee? Kila siku nilizihesabu siku. Kila siku nilimwambia Masalu kwamba ofisi inasema tusubiri. Nilikonda mpaka sketi ikawa inanizunguka. Mwishowe aliniuliza kwa upole kama kuna mwanamume. Mungu anisamehe, nilitamani awepo! Kosa la namna hiyo watu wanalijua, lina namna yake ya kulisema na ya kuliombea msamaha. La kwangu lingeanzia wapi?

Siku ya tisini nilikaa ofisini nikipiga orodha za vipuri. Saa ya kufunga ikafika. Sikulia. Nilihisi, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote, nilihisi nafuu! Eti sasa hakuna tena la kuamua.

Barua ya kukataliwa ilikuja, nikaitia kwenye pochi ileile.

Nilidhani litazikwa. Lakini baada ya muda mota moja ililetwa kwa Masalu kutoka kiwanda kingine, ikakutwa ndani yake kuna koili ndogo ya kusikiliza, na si yeye aliyeiweka! Fundi wa mji mwingine alikuwa ameiga. Masalu hakugomba. Alisema huyo fundi hajui kwamba jambo hili liko mikononi mwa ofisi, na kwamba yeye Masalu atakwenda Dar es Salaam mwenyewe akawaulize limefikia wapi. Nikamsihi asiende. Nikamwambia nauli, nikamwambia mvua, nikamwambia watoto. Alinitazama kwa mshangao tu. Akachukua kopo lake la bati lenye barua nilizomnakilia, akachukua kifuniko kimoja cha mota kama ushahidi, akalitoa shati jeupe kwenye nailoni. Akapanda treni.

Siku zile alizokuwa safarini sitazieleza. Nilikuwa naishi kama mtu aliyeambiwa asubiri nje ya chumba cha daktari.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe aliporudi, kwa sauti ileile ya siku zote. Alifika ofisini, akataja jina lake, wakatafuta, halikuwepo. Akawaonyesha karatasi zangu za daftari. Wakazitazama, wakatazamana. Basi akakitoa kifuniko cha mota akakigeuza, akasema labda mnaikumbuka hii. Mama mmoja aliyekuwa meza ya nyuma akainuka. Ndiye aliyekuwa mkaguzi. Alikishika kile kifuniko, akapitisha kidole juu ya alama iliyokwaruzwa kwa msumari, akaenda kabatini akaleta jalada. Akalifungua kwenye mchoro wa pili.

Alama ya babu yake ilikuwa pale, imechorwa kwa wino mweusi. Na juu ya ukurasa, jina la Gaudensi.

Masalu akauliza kama anaweza kuomba upya. Yule mama akamjibu kwamba maelezo yote yalikwisha kuwekwa wazi kwenye vitabu vya ofisi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, na kitu kilichokwisha kuwekwa wazi hakiwezi kuombewa tena kama kipya. Masalu anasema mama yule alikuwa karibu kulia. Alimwambia, "Tulikusubiri siku tisini, baba. Kwa nini hukusaini ile fomu?"

Alinisimulia haya tukiwa mezani sebuleni, saa nne asubuhi, vumbi la safari bado lipo kwenye viatu vyake. Kisha akanyoosha mkono.

"Mama Kabula, hiyo fomu iko wapi?"

Nilifungua pochi mbele yake. Fomu ilikuwa imekunjika mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Saini ya Injinia juu, mstari mtupu chini. Nilipiga magoti nikiwa naitoa, nikaanza kusema, maneno yakaja yote kwa pamoja, Injinia, maandazi, darasa la saba, aibu, baba yako... Hakunikatiza. Aliinyoosha karatasi kwa kiganja juu ya meza. Akauliza atie saini wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Akatia saini. Taratibu, jina lote, kwa ule mwandiko wake wa shule ya msingi. Akanirudishia.

"Weka," akasema. "Ni hiyo tu ilikuwa inatakiwa."

Wasomaji wenzangu, hakunipiga. Hakuniacha, hakunirudisha Ukerewe. Bado tunaishi nyumba moja, bado tunakula sahani moja, na majirani wanatuona watu wenye heri. Lakini barua ya Kiingereza ikija, hata ya shule, Masalu anamsubiri Kabula arudi ndipo asomewe. Mimi niko jikoni nasikia. Na mapande yasiyo na miba, sasa kila mtu anajichukulia mwenyewe.

Injinia alihamia mji mwingine, sijui habari zake, wala simlaumu tena. Yeye aliiba kwa miezi kadhaa, kisha akarudisha. Aliyebaki na kitu cha mtu kwenye pochi ni mimi!

Nawasihi, hasa ninyi mnaojua kusoma katika nyumba ambamo wengine hawajui. Mnaojaza fomu za wazee, mnaotafsiri barua za wagonjwa, mnaoandikia mafundi na wakulima. Jina la mtu liandikeni lilivyo, hata kama mnadhani wakubwa watalidharau. Waacheni wakubwa walidharau wenyewe, msiwasaidie kazi hiyo! Na kama mmekwisha kukosea, semeni leo kabla ya chakula. Mimi nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kusema, nikapewa tisini, na kila moja niliikuta mbaya.

Wiki iliyopita nilipeleka chakula kibandani. Masalu alikuwa ametoka, na mota aliyomaliza kuisuka ilikuwa mezani, kifuniko kiko pembeni. Nikakigeuza nitazame upande wa ndani. Nikafungua na kingine kilichokuwa rafuni, na kingine.

Vyote ni vitupu. Hakuna mistari, hakuna ndoano.